Mrija Wenye Uzi Mwekundu

Kwa miaka mitatu nilikuwa na mrija wangu peke yangu, na wala si kwa sababu ya cheo. Katika familia ya marehemu mume wangu, pombe ya mtama ikiwa tayari, mtungi unawekwa katikati ya chumba, mirija mitano au sita inatumbukizwa ndani, na kila mtu anavuta kidogo kisha anampa aliye karibu naye. Mrija unapita mdomo kwa mdomo, kwa mzee, kwa shemeji, kwa jirani asiye na meno, na hakuna anayeufuta. Kuufuta ni tusi. Wa kwangu tu ndio ulikuwa haupiti. Ulifungwa uzi mwekundu karibu na sehemu ya kuvutia, ili mtu asije akakosea.

Uzi wenyewe ulikuwa wangu. Mimi ni mshonaji, nina cherehani mbele ya nyumba yangu hapa Mutakura, mtaa wa Bujumbura, na wifi yangu aliuchukua kwenye kikapu changu cha nyuzi, mimi namwangalia, bila hata kuomba. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akitaka kunitenga, anitenge kwa uzi wake.

Nianze na jinsi nilivyoupata ukimwi, maana najua kila mtu ana swali hilo kwenye ulimi na wengi wanaona haya tu kuliuliza. Niliupata kitandani, kwa mume wangu wa ndoa, niliyefungishwa naye na padri mbele ya mashahidi. Au yeye aliupata kwangu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, upande wa Kongo, nilivuka mpaka nikiwa na miaka kumi na tisa, na huko nyuma niliacha mchumba mmoja ambaye mama yangu hajawahi kusikia habari zake. Mume wangu naye alikuwa fundi wa friji, na zilikuwepo nyumba fulani mjini ambako friji ilikuwa inaharibika kila wiki. Kwa hiyo sijui. Miaka ya mwanzo swali hilo lilinizunguka kichwani mchana kutwa. Siku hizi nimeliacha, kwa sababu kirusi hakina kitambulisho na hakisemi kimetoka kwa nani.

Niligundua nikiwa na mimba ya binti yangu, kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliniambia mambo mawili kwa sauti ile ile wanayotumia kukukumbusha usisahau kadi yako: kwamba ninao, na kwamba nikinywa dawa mtoto anaweza kuzaliwa bila kuwa nao. Mimi nilisikia la kwanza tu. La pili alilazimika kulirudia mara tatu, akiwa ameshika kalamu hewani.

Mume wangu alipima, akapata jibu kama langu, akaamua kwamba mashine imeharibika. Fundi wa friji aliijua mashine ile kuliko waliosomea. Akaenda kwenye maombi, akapakwa mafuta kwenye paji la uso, akarudi nyumbani akinukia nazi na kutangaza kwamba amepona. Dawa hakuzigusa. Binti yetu alikuwa na miaka miwili siku tulipomzika baba yake. Nilimpenda yule mwanamume, na bado nina hasira naye. Nikienda kaburini namwambia yote mawili.

Binti alizaliwa bila kirusi. Nilikunywa dawa zote nilizopewa, nikamnyonyesha miezi sita kama muuguzi alivyotaka, maziwa yangu tu, hata tone la maji hapana, nikagombana na mama mkwe aliyekuja na kibakuli cha uji mtoto akiwa na wiki mbili. Akapimwa, akapimwa tena, akapimwa mara ya tatu. Hana. Sasa ana miaka ishirini na miwili, anafundisha shule ya msingi, na kitu kikubwa alichorithi kwangu ni mdomo.

Mimi nakunywa kidonge kimoja kwa siku, asubuhi, na chai. Zamani vilikuwa vingi, na kimoja kilinipa ndoto ambazo siwezi kuzisimulia mbele ya watoto. Sasa ni kimoja tu. Nikipimwa damu, kirusi hakionekani. Kipo, kimejificha kama mdeni, lakini hakionekani, na muuguzi wangu wa siku hizi, mwanamke mnene mwenye dharau kwa wanadamu wote, alinieleza kwamba kikikaa hivyo siwezi kumpa mtu hata kitandani. Nikamwambia kitandani kwangu hakuna mtu. Akasema hilo si tatizo la kitabibu.

Nimeishi na kirusi hiki zaidi ya miaka ishirini na nakijua kuliko nilivyomjua mume wangu. Ni kivivu kuliko watu wanavyodhani. Hakipandi kikombe, hakirukii kiti, hakijui kupita kwenye mate wala jasho wala mkono wa salamu. Kinataka kitanda, kinataka damu ikutane na damu, au kinataka tumbo la mama na ziwa lake. Nje ya hapo kinakufa tu kwa uzembe. Haya mambo yanasemwa redioni, yamechorwa kwenye kuta za vituo vya afya, kila mtu hapa Bujumbura anaweza kukuimbia. Halafu mtungi unawekwa katikati, na mtu yule yule aliyekuimbia anasogeza kiti chake.

Kwa hiyo nilificha. Chupa ya vidonge ina tabia moja mbaya, inalia. Ukiiweka kwenye mkoba na kupanda basi, kila hatua inatangaza. Wanawake wa foleni ya dawa walinifundisha kuijaza pamba juu ili vidonge vitulie. Nyumbani nilikuwa navimimina kwenye mkebe wa maziwa ya unga, naufunga, nauweka kabatini nyuma ya chumvi. Vilikaa pale miaka mingi kwa amani.

Ndipo wifi yangu akaja kukaa kwangu. Yeye ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, anaishi Musaga, kusini mwa mji, na alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mguu, akataka mtu wa kumhudumia kwa wiki mbili. Ni mwanamke wa kanisa, mwenye sauti, anayependa watu kwa nguvu na bila ruhusa yao. Nampenda. Lazima niseme hilo mapema kwa sababu mbele huko haitaonekana.

Siku ya nne nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amekaa mlangoni, mguu juu ya ndoo, amechangamka.

“Wifi,” akasema, “ile dawa ya kichwa yako iko na nguvu sana. Nimekunywa moya tu, kichwa imeacha.”

“Dawa gani?”

“Ile iko mu mukebe ya maziwa. Mi nilikuwa natafuta maziwa ya chai.”

Niliweka kikapu chini. Ningeweza kudanganya, na kwa miaka mingi nilikuwa nimedanganya vizuri sana, lakini mtu aliyekunywa dawa isiyo yake ana haki ya kujua amekunywa nini.

“Wifi, ile si dawa ya kichwa. Ni ya ukimwi. Ni yangu.”

Aliangalia mkono wake. Akatoa ulimi nje, akajaribu kuuangalia nao, akashindwa. Kisha akauliza taratibu sana, “Sasa na mi nimeupata?”

Nilicheka. Najua sikupaswa kucheka, lakini nilikuwa nimebeba siri ile miaka yote, nikiogopa siku itakapotoka, nimeota kilio na laana na viti vinarushwa, na sasa imetoka kwa sababu mtu alitaka chai ya maziwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alilia. Tulikaa hivyo mlangoni, mmoja anacheka na mwingine analia, na mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akageuka akarudi.

Kesho yake alitaka kwenda hospitali, mguu na yote, nikampeleka kwa muuguzi wangu. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo naamini lilimgharimu.

“Mama,” akamwambia, “kidonge haileteke ukimwi. Kama ingekuwa vile, mi na haya masanduku yote ningekuwa nilikufa zamani. Usikunywe tena dawa ya mutu. Sasa leta kidole tukupime, ju ya vile umeshafika.”

Akapimwa, hana. Muuguzi akamwambia arudi na mume wake wapimwe pamoja, akamweleza na kwa nini. Wifi akaitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa, na hakurudi. Mume wa wifi yangu ana nyumba mbili, moja ya Musaga na nyingine ambayo mji mzima unaijua. Huyo alirudi kwake na kulala naye wiki ile ile. Mimi alinifungia mrija.

Alisema ni kwa ajili yangu, ili nisiambukizwe kikohozi na watu. Aliusema uongo huo kwa upole hata nikashindwa kukasirika hapo hapo, hasira ikanijia siku ya pili, nikiwa peke yangu na cherehani. Familia nayo haikuuliza sana. Alinong'ona kwa wawili watatu, na kwetu huko ni sawa na kutangaza. Tangu siku hiyo, tukikutana kwenye ubatizo au msiba, mrija wa uzi mwekundu unatoka kwenye mkoba wa wifi, umefungwa kwenye kitambaa safi, nakabidhiwa. Nami nilikuwa nautumia. Nilikuwa nautafuna kwa meno kwa hasira, mpaka ncha yake ikawa imechanika kama mswaki.

Wakati huo huo, kabla ya sikukuu, wifi na wanawake wenzake wa kwaya wanakaa uani na wembe mmoja, wanakatana kucha na kunyoana nyusi, mmoja baada ya mwingine, na akijikata mmoja wanacheka, wanampangusa, wanaendelea. Niliwahi hata kumwambia kwamba wembe ule ndio wa kuogopa. Akanijibu kwamba wale ni watu wa Mungu.

Basi, binti yangu akachumbiwa. Kijana mwenyewe ni mwalimu mwenzake, mpole, mwenye shingo ndefu, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Buterere. Binti alikuwa amemweleza habari zangu tangu mwanzo na kijana alisema tu, “Sawa, na mama yangu iko na sukari,” maneno yaliyonifanya nimpende kabisa. Lakini wazazi wake hawakuwa wanajua, na hakukuwa na sababu ya wao kujua. Siendi kulala Buterere.

Siku ya kupokea mahari ikapangwa, na pombe ilikuwa kazi yangu. Kwa Warundi ile pombe inaitwa impeke, na mimi mtu wa Uvira nilifundishwa kuitengeneza na mama mkwe, yule yule wa uji. Unaloweka mtama, unaulaza chini ya majani ya mgomba mpaka uote, unauanika, unausaga, unaupika, unauacha uchachuke. Na alinifundisha jambo moja ambalo kwao halina mjadala: aliyeipika ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wageni wote, kisha mrija ule ule anampa mgeni mkuu. Ndiyo njia ya kusema hakuna sumu humu, nikifa tufe wote. Mama mwenye nyumba asiyeonja pombe yake siku ya binti yake, wageni wanaanza kujiuliza, na wana haki.

Wifi alikuja siku mbili kabla, akakaa, akanyoosha mguu wake.

“Wifi, siku ile mi njo nitaonja. Mi ni shangazi ya mutoto, hakuna mutu atauliza.”

“Pombe nimepika mimi.”

“Najua. Lakini mrija utapitia kwako, halafu uende kwa ule muzee, baba ya kijana, mu kinywa. Mutu wa wenyewe. We unaona iko sawa?”

Nilimweleza tena mambo ya mate. Nilimweleza mambo ya kutoonekana. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nikamwambia hapana, na nilidhani yameisha.

Jioni hiyo binti yangu alikuja kukaa karibu na cherehani wakati namalizia nguo yake. Akashika kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

“Mama,” akasema, “siku moya tu. Acha shangazi aonje. Sitaki mutu akuseme mbele ya bakwe.”

Niliendelea kukanyaga cherehani. Wifi akinitenga nina hasira ya kumrudishia, ninaweza kumcheka na wembe wake na mume wake. Lakini huyu nilimbeba. Nilikunywa vidonge vile vya ndoto mbaya kwa ajili yake kabla sijajali kama mimi mwenyewe nitaishi. Iliniuma kuliko siku ile ya muuguzi na kalamu yake, na nilimwambia sawa kwa sababu nilikuwa naogopa kulia juu ya nguo ya mahari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua kali, turubai limefungwa mbele ya nyumba. Wifi alikaa kwenye kiti changu akiwa amevaa vazi la kijani nililomshonea kwa mikono yangu. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na wanawake wa vyungu, nikijifanya niko na shughuli. Mrija wangu, wifi alikuwa ameuleta kama kawaida na kuuweka dirishani, ili baadaye ninywe huko nyuma na wapishi. Hapo ndipo jirani yangu mmoja, mwanamke mwema asiyejua lolote, aliyejitolea kupanga viti na mirija, alipoingia akauona. Mrija mmoja tu, katika mirija yote, umepambwa. Akafikiri alichofikiri mtu yeyote mwenye akili. Akauchukua, akautumbukiza kwenye mtungi, upande ule ule wa kiti cha baba wa bwana harusi.

Nilipouona, wageni walikuwa wameshakaa. Wifi naye aliuona, nikajua kwa jinsi mkono wake ulivyokwenda kifuani.

Baba wa bwana harusi alikuwa mzee mfupi, kofia kubwa, viatu vyenye tope la Buterere hata siku ya mahari, na furaha ya mtu ambaye mpunga wake haukusombwa na maji mwaka ule. Maneno yalisemwa, ng'ombe walisifiwa ambao hakuna aliyewaona, na ikafika zamu ya mtungi. Wifi alisimama haraka, akashika mrija mwingine, wa upande wa pili kabisa.

“Subiri, mama,” mzee akasema. “Hii pombe nani amepika?”

“Ni mi,” wifi akajibu.

Mzee aliinama, akanusa mtungi kwa muda mrefu. “Iko muzuri. Mutama uliulalisha siku ngapi?”

Wifi yangu ananunua pombe. Hajawahi kulaza mtama maishani mwake. “Siku moya,” akasema.

“Siku moya?” Mzee aligeukia watu wake. “Siku moya mutama haijaota hata ndevu. Mama, hii haukupika we.”

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee akazungusha macho chini ya turubai, akauliza tena ni nani amepika, na jirani yangu yule mwema, Mungu ambariki, akanyoosha kidole jikoni.

“Siku ngapi, mama?” mzee akaniuliza kwa mbali.

“Tatu,” nikasema. “Ya nne niliuanika.”

“Njo huyu sasa. Kuja uonje, bamwana.” Bamwana ndiyo jina wanaloitana Warundi waliooziana watoto, na lilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo. Nilipita katikati ya viti na aproni yangu ya jikoni. Mzee akachomoa mrija uliokuwa mbele yake, akaunyanyua watu wote wauone. “Na bamenifungia hii uzi kwa heshima. Mi sijawai kufungiwa uzi mu maisha yangu. Onja na huu, halafu unipatie.”

Nikaushika. Mrija wangu, na alama za meno yangu. Nitasema ukweli: mimi ninayejua yote, niliyesoma kila ukuta wa kila kituo cha afya, moyo ulinipiga. Woga wa watu ukiuishi miaka mitatu unakuingia hata wewe. Nikavuta. Pombe ilikuwa tamu, sitajidharau. Na nilipouondoa mdomoni, nyuma yangu wifi akasema, “Apana.”

Hakupiga kelele. Alisema tu, apana, na kila mtu akasikia.

“Apana nini?” mzee akauliza.

Nilimgeukia wifi. Mdomo wake ulikuwa wazi na nikaona kwamba neno limefika kwenye meno. Si ubaya. Aliamini kabisa kwamba anamwokoa yule mzee. Nami nilikuwa nimesimama na mrija mkononi.

Mlango wa chumba ukafunguka. Bibi harusi hatoki mpaka aitwe, kila mtu anajua, na hanywi mbele ya baba mkwe wake siku hiyo, hilo hata halisemwi kwa sababu hakuna aliyewahi kujaribu. Binti yangu alitoka miguu mitupu, nguo nusu imefungwa, akapiga magoti karibu na mtungi, akautoa mrija mkononi mwangu. Akavuta. Akavuta muda mrefu, mashavu yakaingia ndani, mpaka nikasikia mtu wa upande wao akishusha pumzi. Kisha akaupangusa na kiganja? Hapana, hakuupangusa. Akaushika kwa mikono miwili, kwa adabu, akampa mzee.

Mzee alimtazama. Akatazama mrija. “Huyu musichana iko na kiu,” akasema. “Kwetu tutatafuta mutungi mukubwa.” Akanywa, turubai zima likacheka, na wifi yangu akakaa chini kwenye kiti changu kama mwanasesere aliyekatwa nyuzi.

Wageni walipoondoka nilimfuata binti chumbani. Nilitaka kumgombeza kwa kuniaibisha mbele ya wakwe, na nilitaka kumbeba mgongoni kama zamani, nikashindwa kuchagua.

“Si we ulisema shangazi aonje?”

Alikuwa anavua hereni. “Nilisema. Nilikosea.” Akaweka hereni mezani. “Mi nilikaa mu tumbo yako miezi kenda, mama. Halafu niogope mrija?”

Nililia hapo, kwa sauti, na nguo ile ya mahari ikalowa.

Wifi hakuja kwangu mwezi mzima. Alikuja harusini, akaimba na kwaya, hatukuzungumza. Mrija sikuuona tena, nadhani jirani aliutupa pamoja na masalio ya sherehe.

Baada ya harusi wazazi wa bwana harusi walitualika Buterere. Tulikwenda mchana, tukapita kwenye tuta la mashamba ya mpunga tumeshika viatu mikononi, wifi mbele na mguu wake, mimi nyuma yake, kila mmoja na mdomo wake. Nyumba ilikuwa ndogo na alama ya mafuriko ukutani kwenye usawa wa magoti. Katikati ya chumba palikuwa na mtungi mkubwa kuliko wote niliowahi kuona, kama mzee alivyoahidi. Na ndani yake mirija, ishirini na zaidi, nadhani walikopa ya kijiji kizima. Kila mmoja umefungwa uzi mwekundu.

“Nilimutuma mama ya watoto atafute uzi ku soko,” mzee akasema, kofia yake ikiwa mkononi. “Tuliona kwenu munafungaka uzi kwa mugeni wa heshima. Hapa bageni bote ni ba heshima.”

Binti yangu aliangalia chini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Mimi sikumwangalia, nilijua nikimwangalia nitaharibu heshima yote ya mzee.

Mama wa bwana harusi akaonja, kama inavyotakiwa, akampa wifi yangu mrija. Mirija mingine ikaanza kutembea, mmoja huku, mwingine kule, ikija kwangu na kutoka kwangu, ikivuka mtungi na kurudi, nyuzi nyekundu zinapita mbele ya macho yetu mpaka hakuna mtu duniani angeweza kusema upi umetoka wapi. Wifi alikuwa ameushika wa kwake bila kunywa. Jua lilikuwa kali na alikuwa ametembea sana. Akaegemea kwangu, akasema neno la kwanza tangu siku ile ya mahari.

“Wifi,” akanong'ona, “wako ni gani?”

Nikaangalia mtungi vizuri, kwa sababu alikuwa ameniuliza kwa heshima.

“Sijui,” nikamwambia.

Aliangalia uzi wa mrija wake. Kisha akanywa.